Mwanafunzi Mgeni katika Warsha ya Utunzi: Mfano wa Iowa na Mafunzo Yake kwa Kiswahili

UTANGULIZI

Swali la kama utunzi ni ufundi unaoweza kufundishwa darasani, au ni kipawa ambacho mtu huzaliwa nacho, ni swali kongwe. Wako wanaoshikilia kwamba mshairi huzaliwa wala haundwi. Na wako wanaojibu kwamba hata seremala huzaliwa na mikono tu, randa na msumeno hukabidhiwa baadaye. Kila idara ya lugha inayoweka somo la utunzi katika ratiba yake hulazimika kuchagua upande, hata ikiwa haisemi hivyo waziwazi, kwani mtihani inaoutoa ndio jibu lake. Idara inayomtaka mwanafunzi aeleze sifa za hadithi fupi imekwisha kujibu kwa namna moja. Ile inayomtaka aiandike hadithi yenyewe imejibu kwa namna nyingine.

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kutazama mfano mmoja mashuhuri, yaani warsha ya waandishi ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, na kuutazama kwa jicho la mwanafunzi anayewasili hapo kwa mara ya kwanza. Mwanafunzi mgeni amechaguliwa kuwa kipimo kwa sababu maalumu. Mwenyeji aghalabu hazioni desturi za nyumba yake. Mgeni ndiye ajikwaaye kizingitini akatambua kwamba kizingiti kipo. Baada ya kueleza asili na utaratibu wa warsha hiyo, makala yatauliza ni lipi ambalo mwanafunzi atokaye katika lugha ya Kiswahili anaweza kulichukua huko, na ni lipi analopaswa kuliacha mlangoni.

ASILI YA MPANGO WA IOWA

Chuo Kikuu cha Iowa kiliasisiwa mwaka 1847, kama miezi miwili tu baada ya Iowa yenyewe kukubaliwa kuwa jimbo kamili la Marekani. Ni nchi ya wakulima, ya mahindi na nguruwe, iliyo mbali na New York ambako wachapishaji wakubwa wamejikusanya. Hapana dalili ya nje ambayo ingemfanya mtu atabiri kwamba mji mdogo wa Iowa City ungekuja kuwa makao ya watunzi, wala kwamba mwaka 2008 shirika la UNESCO lingeutunuku cheo cha Mji wa Fasihi.

Chanzo cha jambo hilo kilikuwa uamuzi wa kiutawala. Mwaka 1922 Carl Seashore, aliyekuwa mkuu wa masomo ya shahada za juu, na ambaye kwa taaluma alikuwa mwanasaikolojia aliyechunguza muziki, alitangaza kwamba chuo kingekubali kazi ya sanaa iwasilishwe mahali pa tasnifu. Maana yake ni kwamba mwanafunzi angeweza kupata shahada kwa kutunga diwani ya mashairi, kuandika riwaya, kuchora picha au kutunga muziki, badala ya kuandika maelezo juu ya diwani, riwaya, picha na muziki wa watu wengine. Paul Engle alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kunufaika na kanuni hiyo: diwani yake Worn Earth ilikubaliwa kuwa tasnifu ya shahada ya pili na kuchapishwa mwaka 1932. Warsha yenyewe ilianzishwa rasmi mwaka 1936 chini ya Wilbur Schramm, na mwaka 1941 Engle akakabidhiwa uongozi alioushika hadi katikati ya miaka ya 1960. Mfano huo ukaenea. Wallace Stegner, aliyesoma Iowa, alianzisha mpango wa namna hiyo Stanford mwaka 1946. Na Uingereza ikafuata mwaka 1970, Malcolm Bradbury na Angus Wilson walipofungua kozi yao katika Chuo Kikuu cha East Anglia.

Ili uzito wa uamuzi wa 1922 ueleweke, yafaa ulinganishwe na hali ya Afrika Mashariki. Mwaka ule ule wa 1922 ndipo chuo cha Makerere kilipoanzishwa kikiwa shule ya ufundi. Kilipofika kuwa chuo kikuu kishiriki cha London, idara yake ya Kiingereza ilikuwa na wanafunzi wenye hamu kubwa ya kutunga, na jarida la Penpoint, lililoanza mwaka 1958, likawa kitalu cha waandishi wengi. Hata hivyo, utunzi huo ulifanyika pembeni ya masomo. Ngugi wa Thiong'o, ambaye wakati huo akiitwa James Ngugi, aliandika riwaya zake mbili za kwanza akiwa mwanafunzi wa Makerere, lakini shahada yake aliipata kwa kujibu mitihani juu ya maandishi ya Waingereza. Alipokwenda Leeds mwaka 1964 kwa masomo ya juu, aliandika huko A Grain of Wheat, iliyotoka mwaka 1967, na akaondoka bila kukamilisha tasnifu. Katika mizani ya chuo, riwaya hiyo haikuwa na uzani. Iowa ingalihesabu kinyume: riwaya ndiyo ingalikuwa tasnifu.

UTARATIBU WA WARSHA

Mwanafunzi mpya anayefika Iowa hukuta mpango wa miaka miwili. Hugawanywa kulingana na tanzu, hadithi za nathari upande mmoja na ushairi upande wa pili, na kila upande huchukua watu wachache tu, kama 25 kwa mwaka. Hachaguliwi kwa vyeti vyake kwanza, bali kwa kurasa alizopeleka. Akisha kuingia hakuti mihadhara mingi. Kiini cha masomo ni mkutano wa juma kwa juma ambamo watu kumi na kitu huketi pamoja na mwalimu mmoja, ambaye naye ni mtunzi, kuzungumzia kazi ya mmoja wao.

Utaratibu ni huu. Mtunzi hutoa nakala za mswada wake siku kadhaa kabla ya mkutano. Wenzake huzisoma, huandika maoni pembeni mwa kurasa, na huja wakiwa tayari. Mjadala unapoanza, mtunzi hukaa kimya. Haelezi alichokusudia, hajitetei, hasahihishi anayemfahamu vibaya. Hoja ya kanuni hii ni nyepesi na nzito kwa pamoja: kitabu kikisha kuchapishwa, mwandishi hatakuwa kando ya kila msomaji kumnong'oneza maana. Basi na azoee kusikia jinsi maneno yake yanavyosimama yenyewe, au yanavyoanguka.

Faida za utaratibu huu haziko katika siri yoyote ya utunzi inayofichuliwa darasani. Iowa yenyewe imekuwa ikikiri katika maelezo yake kwamba haidai kumfundisha mtu kutunga; hudai tu kwamba kipawa kikiwapo kinaweza kukuzwa. Ukichunguza kwa makini, warsha humpa mwanafunzi mambo matatu. La kwanza ni wakati: miaka miwili ambayo kazi yake halali ni kuandika. La pili ni wasomaji wasio jamaa zake, wanaosoma mswada kabla haujakamilika, wakati ambapo maoni bado yanaweza kuubadili. La tatu ni msamiati wa kazi: mwanafunzi huacha kusema kwamba hadithi ni nzuri au mbaya, akajifunza kuuliza ni nani anayesimulia, anajua nini, tukio limewekwa mapema mno au limechelewa, na mshororo umekatwa hapo kwa sababu gani.

Ubaya nao upo, na umejadiliwa sana na Wamarekani wenyewe. Kundi la watu kumi na kitu likisoma pamoja kila juma huelekea kupenda mambo ya namna moja. Lisilozoeleka huonekana kuwa kosa. Mtunzi anayetaka kuwaridhisha wote hupunguza hapa na kulainisha pale, hata mwishowe akabaki na kazi isiyo na doa wala sura. Hatari hii humpata mgeni zaidi kuliko mwenyeji, kwa kuwa mengi aliyokuja nayo ndiyo yasiyozoeleka.

WAGENI WATATU

Historia ya warsha ya Iowa ina mifano ya wanafunzi waliofika wakiwa wageni kwa maana mbalimbali, na inafaa mitatu itajwe.

Margaret Walker alikuwa mshairi Mwafrika-Mmarekani. Alipata shahada yake ya pili Iowa mwaka 1940 kwa mashairi yaliyochapishwa mwaka 1942 kwa jina la For My People na kumpatia tuzo ya washairi chipukizi ya Chuo Kikuu cha Yale. Miaka mingi baadaye alirudi Iowa kwa shahada ya uzamifu, na tasnifu aliyoiwasilisha mwaka 1965 ilikuwa riwaya, Jubilee, iliyotolewa mwaka 1966. Riwaya hiyo ilijengwa juu ya masimulizi aliyosimuliwa na bibi yake kuhusu maisha ya ukoo wao tangu enzi ya utumwa. Hapa chuo kikuu kilitunuku shahada yake ya juu kabisa kwa kazi ambayo chimbuko lake ni fasihi simulizi ya jikoni. Jambo hili haliwezi kumpita hivihivi mwanafunzi yeyote wa lugha za Kiafrika.

Flannery O'Connor alifika mwaka 1945 kutoka Georgia, kusini mwa nchi, akiwa amekubaliwa kusomea uandishi wa habari. Engle amesimulia kwamba msichana huyo alipoingia ofisini mwake na kusema, lafudhi yake ya kusini ilikuwa nzito hata akashindwa kumwelewa kabisa, ikambidi amwombe aandike maneno yake kwenye karatasi. Aliandika kwamba yeye si mwandishi wa habari na kwamba aliomba kuingia katika warsha. Engle aliposoma hadithi zake alimkubali mara moja. Katika mikutano alisema machache sana. Alimaliza mwaka 1947 kwa mkusanyiko wa hadithi fupi, na ile ile lugha ya watu wa kwao iliyomfanya asieleweke mlangoni ndiyo iliyokuja kuwa nguvu ya vitabu vyake.

Wa tatu ni Sandra Cisneros, mzaliwa wa Chicago mwenye asili ya Meksiko, aliyehitimu mwaka 1978. Ameeleza mara nyingi kwamba siku moja, katika semina iliyozungumzia nyumba kama ishara ya kumbukumbu na faraja, alitambua kwamba nyumba walizokuwa wakizisema wenzake, zenye dari na ghala za kuhifadhia mambo ya kale, hazikufanana na nyumba za kupanga alimokulia. Kwanza aliona aibu, akadhani hana la kusema. Kisha akageuza hoja: ikiwa hakuna katika chumba kile aliyezijua nyumba hizo, basi hilo ndilo alilokuwa nalo yeye peke yake. Kutokana na utambuzi huo kilianza kitabu The House on Mango Street, kilichotoka mwaka 1984.

Mifano hii mitatu ina fundisho moja. Warsha haikuwapa wageni hao mambo ya kusema. Iliwapa upinzani, na kwa kupingana nao wakajua walichokuwa wamebeba. Mithali yasema kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watatu hao walipewa jembe, lakini kila mmoja alilima shamba la kwao.

TABAN LO LIYONG: KUTOKA IOWA HADI NAIROBI

Kwa wasomaji wa Kenya, mfano ulio karibu zaidi ni wa Taban lo Liyong, aliyezaliwa sudani ya kusini na kukulia Uganda. Mwaka 1965, akiwa bado masomoni Marekani, aliandika katika East Africa Journal makala yaliyouliza kama ukame wa kifasihi wa Afrika Mashariki ungeweza kutibiwa. Makala hayo yaliudhi wengi na kuchochea wengi. Mwaka 1968 akawa Mwafrika wa kwanza kupata shahada ya pili ya utunzi kutoka warsha ya Iowa, kisha akaja Nairobi.

Tarehe 24 Oktoba 1968, Taban pamoja na James Ngugi na Henry Owuor-Anyumba walitoa waraka maarufu uliotaka Idara ya Kiingereza ya chuo hicho, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ifutwe na mahali pake pawekwe idara ambayo kitovu chake kingekuwa Afrika. Walipendekeza fasihi simulizi ifundishwe, na Kiswahili kipewe nafasi yake. Haitakuwa haki kudai kwamba waraka huo ni tunda la Iowa. Hoja zake zilikuwa zimekomaa Afrika yenyewe, na waandishi wake walikuwa watatu. Lakini ni dhahiri kwamba mtu aliyepata shahada yake kwa kutunga hangeona ajabu kudai kwamba fasihi inayoishi ndiyo iwe msingi wa idara.

Kazi alizozitoa baada ya hapo zaonyesha namna alivyoyatumia aliyoyapata. Eating Chiefs ya mwaka 1970 si mkusanyiko wa ngano za Waluo wa Sudani, Uganda na Kenya ulionakiliwa kama anavyonakili mtaalamu wa mila. Ni ngano zilizoandikwa upya na mtunzi mwenye mikono yake mwenyewe, anayefupisha, anayedhihaki, anayepanga upya. Alichukua uhuru wa warsha na kuupeleka katika ghala la nyumbani. Hata hivyo kazi hizo aliziandika kwa Kiingereza, na hapo ndipo swali gumu kuliko yote linapoingia.

LUGHA YA WARSHA NA LUGHA YA MTUNZI

Warsha ya Iowa hufanyika kwa Kiingereza. Iko pia warsha ya tafsiri iliyoanza katika miaka ya 1960, na mwaka 1967 Engle pamoja na Hualing Nieh walianzisha mpango wa kimataifa ambao umekwisha kuwakaribisha waandishi zaidi ya 1,500 kutoka nchi nyingi, wengi wao wakiandika katika lugha zao. Lakini katika warsha yenyewe, mswada hujadiliwa na wasomaji wa Kiingereza. Mwanafunzi atokaye Mombasa, Lamu au Unguja hulazimika kuleta kazi yake ikiwa imevaa nguo isiyo yake.

Hebu ichukuliwe hadithi ambamo mwanamke anapita mbele ya nyumba ya jirani yake amejitanda leso mpya. Hasemi neno. Jirani anasoma jina la leso ile, anafunga mlango, na urafiki wa miaka kumi umekwisha. Msomaji wa Kiswahili hahitaji sentensi moja zaidi: anajua kwamba leso ina jina, kwamba jina ni fumbo, na kwamba fumbo hurushwa kwa anayelengwa bila ya mrushaji kuweza kushtakiwa kwa matusi. Katika warsha ya wageni, hadithi hii itaulizwa maswali. Kwa nini mlango umefungwa? Ugomvi uko wapi? Mtunzi, ambaye kanuni inamtaka anyamaze, atarudi chumbani na kuongeza aya mbili za kueleza leso ni nini. Toleo la pili litasifiwa kuwa limeeleweka. Nalo litakuwa limekufa, kwa sababu uzuri wa tukio ulikuwa katika kutosemwa kwake.

Hapa inadhihirika kwamba kimya cha mtunzi si kitu kimoja kwa watu wote. Mwenyeji akinyamaza, wenzake wanaweza kujaza pengo kwa maarifa wanayoshiriki naye. Mgeni akinyamaza, pengo hujazwa na dhana. Jambo hili limepata kusemwa kwa nguvu katika miaka ya karibuni na Wamarekani wenye asili za nje, kama vile Matthew Salesses katika kitabu chake cha mwaka 2021, kinachohoji kwamba zile ziitwazo kanuni za ufundi ni desturi za hadhira fulani zilizopewa jina la kanuni.

Isisahauliwe pia kwamba taasisi za namna hii hazikuota hewani. Mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere mwezi Juni 1962 uliwaalika walioandika kwa Kiingereza. Mwandishi wa Kiswahili, hata awe wa daraja la Shaaban Robert, ambaye alifariki mwezi huo huo, hakuwa na kiti. Miaka michache baadaye ilifichuka kwamba Kongamano la Uhuru wa Utamaduni lililoufadhili mkutano huo lilikuwa likipata fedha kutoka shirika la ujasusi la Marekani. Naye Eric Bennett, katika uchunguzi alioutoa mwaka 2015, ameonyesha jinsi Engle alivyochangisha fedha za Iowa kwa kutumia hoja za vita baridi. Kusema hivyo si kudai kwamba mashairi yaliyotungwa huko ni propaganda. Ni kukumbusha tu kwamba meza ya duara nayo ina mwenyewe.

WARSHA YA MAJIBIZANO

Yafaa sasa iulizwe kama Kiswahili kilipata kuwa na warsha yake. Jibu ni kwamba kilikuwa nayo, ingawa haikuitwa kwa jina hilo. Mshairi chipukizi wa pwani alijifunza kwa mkubwa wake, akisikiliza, akihifadhi, akijaribu, akisahihishwa. Abdilatif Abdalla, ambaye diwani yake Sauti ya Dhiki ya mwaka 1973 ilitungwa gerezani kati ya 1969 na 1972, hakupitia kozi ya utunzi katika chuo chochote kabla ya kuitunga. Alilelewa miongoni mwa washairi, akiwamo jamaa yake mzee Ahmad Basheikh bin Hussein na nduguye Ahmad Nassir Juma Bhalo. Alipowekwa peke yake, bila kitabu wala mwenzi, alikuwa na bahari zote kichwani. Hiyo ni elimu ambayo haikuweza kunyang'anywa na askari jela.

Kanuni za elimu hiyo zilipata kuandikwa. Sheria za Kutunga Mashairi ya Amri Abedi, kilichotoka mwaka 1954, kilimweleza mwanafunzi mizani, vina, beti na utoshelevu wa maana, kwa lugha ya mwalimu anayemtaka mwanafunzi atunge, wala si ya mhakiki anayemtaka achambue. Katika miaka ya 1970 kanuni hizo zilipingwa na watunzi wa mashairi huru, hasa wasomi wa Dar es Salaam kama Euphrase Kezilahabi, Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi. Mgogoro huo ulikuwa mkali, na ulikuwa na manufaa: ulilazimisha kila upande kueleza unafanya nini na kwa nini, jambo ambalo ndilo lengo la warsha yoyote.

Lakini chombo chenye kufanana na warsha kuliko vyote ni majibizano. Tangu siku za Muyaka bin Haji wa Mombasa, na baadaye katika kurasa za magazeti kama Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, mshairi alitoa shairi, na wengine wakamjibu. Linganisha desturi hii na ile ya Iowa. Huko, mtunzi hunyamaza na wakosoaji husema kwa nathari. Hawaweki chochote chao hatarini. Katika majibizano, anayetaka kumkosoa mtunzi hana budi kutunga. Aghalabu ajibu kwa bahari ile ile, kwa mizani ile ile, na mara nyingine kwa vina vile vile. Akilegea, kulegea kwake kutaonekana na hadhira nzima. Mkosoaji hubeba mzigo ule ule anaoudharau kwa mwenziwe, ndipo asikilizwe. Na aliyekosolewa hana haja ya kunyamaza: zamu yake itafika, naye atajibu kwa ubeti.

Hata hivyo, majibizano nayo yana upungufu. Shairi huja likiwa limekamilika, wala halirudi mezani kurekebishwa. Hoja hushindwa au hushinda, lakini ubeti wa tatu haubadilishwi. Tena mfumo huu umestawi katika ushairi peke yake. Mwandishi wa riwaya ya Kiswahili, ambaye utanzu wake ni mchanga zaidi, hana malenga wa kumrithi wala uwanja wa kujibiwa. Yeye ndiye mwenye haja kubwa ya wasomaji wa mswada, na ndiye ambaye mara nyingi husomwa kwa mara ya kwanza na mchapishaji anayetafuta kitabu cha kutahiniwa shuleni.

HITIMISHO

Kutokana na yaliyoelezwa, inaonekana kwamba ubishi wa kama utunzi hufundishika umewekwa vibaya. Kipawa hakifundishwi, na Iowa haijadai hivyo. Kinachoweza kutolewa na chuo kikuu ni wakati, wasomaji na heshima ya kisheria: yaani kanuni inayosema kwamba kazi ya sanaa iliyotungwa kwa uangalifu ni elimu, na inastahili shahada. Kanuni hiyo ya mwaka 1922 ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote vilivyoko Iowa, na ndicho ambacho hakihitaji ndege wala viza kukifuata.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili anayebahatika kwenda huko, ushauri unaotokana na mifano iliyotolewa ni wa namna tatu. Ayasikilize maoni ya wenzake kwa makini kila yanapohusu mpangilio, kasi na sauti ya msimulizi, kwani hayo huvuka mipaka ya lugha. Ayapime sana yanapomtaka aeleze kilicho wazi kwa watu wake. Na wakati wote awe na angalau msomaji mmoja wa Kiswahili, hata awe mbali, anayesoma kazi ile ile katika lugha yake, ili asije akasahau hadhira aliyoiacha. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini atakayerejea akiwa amesahau njia ya ngama hatafaidi chombo.

Kwa idara za Kiswahili, wajibu ni mzito zaidi. Somo la utunzi linalotahiniwa kwa maswali ya nadharia pekee ni sawa na somo la kuogelea linalofanyiwa mtihani ubaoni. Idara iwezeshe kazi ya kubuni kwa Kiswahili, iwe diwani, tamthilia au riwaya, kuwasilishwa mahali pa tasnifu, ikiambatana na maelezo mafupi ya mtunzi juu ya ufundi wake. Iweke mikutano ya kusoma miswada, ambamo mtunzi ananyamaza kwanza kama ilivyo Iowa, kisha anapewa zamu ya kujibu kama ilivyo desturi ya malenga. Na katika darasa la ushairi, mwalimu amtake kila anayekosoa ubeti wa mwenzake alete wake. Wakosoaji watapungua, na watakaobaki watakuwa wamejua uzito wa wanachokisema.